Maswali yenu kuhusu kutunza kingo za mito ya Nairobi

Swali: Mvua za Machi zikianza tutapanda miti kando ya Mto Mathare. Shimo liwe vipi, na miti ipi?

Jibu: Chimbeni wiki mbili kabla ya mvua, sentimita 45 kila upande na 45 kwenda chini. Udongo wa juu utengeni, mchanganye na samadi iliyooza. Huo ndio utakaozunguka mizizi. Karatasi ya plastiki ya mche itoeni yote. Ikiachwa, mizizi hujizungusha ndani, na mche uliopendeza Mei hunyauka Septemba. Mkuyu na sesbania (mti mdogo wa jamii ya kunde) huvumilia mafuriko, kwa hiyo ziwe karibu na maji. Muringa na mukinduri juu zaidi, mita 3 hadi 4 kati ya mti na mti. Mkaratusi ukataeni hata ukiletwa bure, unakunywa maji mno.

Swali: Tuling'oa lantana yote, kile kichaka cha miiba, ukingoni. Mvua moja tu, udongo ukaporomoka mtoni!

Jibu: Lantana ni msumbufu, lakini mizizi yake ndiyo iliyokuwa imeushika udongo huo. Kwenye mteremko msiichimbue. Ikateni usawa wa ardhi, kisha kila wiki tatu pitieni mkikata machipukizi mpaka kisiki kichoke, na nyasi mzipande papo hapo katikati ya visiki. Safisheni ukanda wa mita 2, rukeni mita 2. Huo uliorukwa mtaurudia nyasi zikishafunika ardhi. Foku jembe (jembe la meno) inafaa penye tambarare tu, na shina litoke na kichwa cha mzizi, la sivyo litachipuka tena. Matawi yaanikeni juu ya mawe, mbali na mbuzi, maana yana sumu.

Swali: Tufunge kamba yenye mitungi mitupu ya plastiki kuvuka mto, kuzuia chupa zinazoelea?

Jibu: Ndiyo, kama kuna watu wa kuzitoa kila siku. Ifungeni mshazari, chupa zisukumwe upande mmoja ambako ni rahisi kushuka na reki. Ncha moja ya kamba iwe na fundo linalofunguka haraka: mvua kubwa ikitisha, fungueni. Taka zikiziba mto, maji huingia nyumbani mwa watu.

Swali: Glavu zinatosha tukifanya kazi mtoni?

Jibu: Hazitoshi. Vaeni gambuti, na mchomwe sindano ya pepopunda. Kidonda kifunikwe, kwa sababu mkojo wa panya majini hueneza ugonjwa. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli siku au wiki chache baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa mtoni.