Masuali ya Wasomaji: Video iliyopachikwa kwenye tovuti

SUALI: Assalaam alaykum. Nasomesha skuli hapa Wete. Kuna masomo ya biolojia yamepachikwa kwenye tovuti moja, nataka niyahifadhi nyumbani kisha niyaoneshe darasani kwa flashi kwenye televisheni. Nikiuhifadhi ukurasa napata maandishi na picha, video haimo. Nifanyeje?
Mwalimu, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam, mwalimu. Video haimo kwa sababu haikuwa mle tangu mwanzo. Ukurasa una dirisha tu. Video yenyewe inatoka seva nyengine, na mara nyingi imekatwa vipande vya sekunde chache chache. Orodha ya vipande hivyo imo kwenye faili linaloishia na m3u8.

Pakua programu mbili, yt-dlp na ffmpeg, zote za bure, uziweke kwenye folda moja. Ya kwanza inavikusanya vipande, ya pili inaunganisha picha na sauti, ambazo tovuti nyingi huzitenga. Bila ya ffmpeg utaishia na mafaili mawili, moja bubu. Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

yt-dlp -S "res:480,vcodec:h264,acodec:aac" --merge-output-format mp4 "anwani ya ukurasa"

Alama za kunukuu usiziache. Anwani ikiwa na alama ya &, Windows huikata hapo hapo.

Amri ikidai haioni video, rudi kwenye Chrome au Firefox, bonyeza F12, ingia Network, andika m3u8 kwenye kisanduku cha kuchujia, bonyeza F5, halafu icheze video. Nakili anwani itakayotokea uitumie kwenye amri. Ukijibiwa 403, yaani umekataliwa, seva inataka kujua umetokea ukurasa gani: ongeza --referer "anwani ya ukurasa". Anwani hizi nyingi hufa baada ya muda, basi itumie pale pale.

Umeme ukikatika katikati, usifute faili la .part, ndilo lililopakuliwa nusu. Rudia amri ile ile, itaendelea ilipoishia.

Picha ya mistari 480 inatosha kabisa kwa darasa, na bando litakushukuru: video ya kilobiti 1,000 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. H.264 (namna ya kubana picha) na AAC (ya kubana sauti) nazo nimezitaja makusudi. VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, hucheza karibu kila kitu, lakini televisheni nyingi za zamani hazijui namna nyengine za kubana picha kama VP9 wala AV1. Utaona faili halifunguki, au picha inakuja bila sauti. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 nayo haipokei faili la GB 4 au zaidi.

Kabla ya kwenda skuli zima intaneti, uicheze mwanzo, katikati na mwisho. Video iliyofungwa kwa Widevine, kufuli la kuzuia kunakili, haitahifadhika kwa njia hii. Mwombe mwenyewe nakala. Hata zilizo wazi, tazama kwanza kama mwenyewe ameruhusu kuzihifadhi.

SUALI: Video niliyohifadhi, kwenye VLC sauti inatangulia midomo. Dawa yake?
Msomaji, Jang'ombe, Unguja

JAWABU: Bonyeza K. Kila mbonyezo huichelewesha sauti milisekunde 50; ukipitiliza, J inairudisha. Ikiwa tofauti inazidi kadiri video inavyosonga, kuna vipande vilivyopotea wakati wa kupakua. Hapo K haitafaa kitu: lifute faili, upakue upya.