Banda la mbega lichorwe kwa kimo

SWALI: Shikamoo mama. Nasomea usanifu majengo, naishi Sinza. Mradi wangu wa mwisho ni banda la mbega katika bustani ya wanyama ya kubuni, Kigamboni. Nimechora jengo la duara lenye vioo pande zote, sakafu ya zege na handaki la maji badala ya uzio. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ondoa vioo vya nyuma leo hii. Mbega anayetazamwa kila upande hana pa kujificha, na mnyama asiye na maficho anaishi kwa hofu. Wageni wape upande mmoja tu.

Mwaka 1933 msanifu Berthold Lubetkin na wenzake wa kampuni ya usanifu ya Tecton waliwajengea magorila wa London Zoo jumba la duara la zege. Sisi wasanifu tunalisifu mpaka kesho, na sheria inalilinda, lakini magorila walishahamishwa. Nakuomba usichore jengo la kutusifia sisi.

Mbega huishi mitini, chini hushuka kwa nadra. Hana kidole gumba. Mkono wake ni kulabu ya kushikia tawi. Kwa hiyo anza na mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo likikatwa wima toka juu hadi chini, ramani ya sakafu ifuate. Weka matawi manene na membamba, mengine yayumbe akirukia. Kule Diani, pwani ya Kenya, shirika la kuhifadhi mbega la Colobus Conservation limetundika ngazi za kamba juu ya barabara na mbega wanavuka salama. Kamba hizo zinakufaa.

Chakula chake kikubwa ni majani, yanayochachuka tumboni kabla ya kumeng'enywa. Mtunzaji ataleta matawi mabichi kila siku: mchoree njia ya juu ya kuyatundika, na chumba chenye kivuli cha kuyahifadhi.

Vyumba vya kulala ndivyo wanafunzi wengi huvisahau. Kila kimoja kiwe na milango miwili, mnyonge akifukuzwa asibanwe kwenye kona. Zege ibaki humo tu, yenye mteremko wa kutoa maji. Nje weka udongo na matandazo.

Handaki lifute. Sokwe wamezama kwenye mahandaki kama hayo, na mtoto wa mbega anaweza kuteleza vilevile. Tumia wavu, maana wavu nao hupandwa. Chumvi ya Kigamboni inakula chuma haraka, basi andika chuma cha pua kwenye makadirio, hata kama bei itamshtua mwalimu wako. Bati lisikae bila dari na matundu ya kutolea joto.

Mkato ukikamilika, niletee niuone kabla hujagusa upande wa wageni.