Mbwa wa jirani alinimalizia simbilisi, nikaenda kugombana na mzee kabla sijatumia akili

Kamwene jamani.

Juzi dada mmoja wa Kihesa kanipigia simu analia, mbwa wa jirani kaingia kwake kaua bata watatu na mwenye mbwa anamjibu "si ungewafungia bata wako". Nikamwambia tulia dada yangu, mi hiyo shule nimeshaisoma na ada nimelipa kwa kuku. Tukaongea mpaka salio likakata, nikaona bora niandike yote hapa maana najua hayuko peke yake. (Watani zetu wenye ule utani kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa naomba mkaushe kwanza, hii ishu ni siriasi.)

Mi nakaa Mtwivila hapa Iringa mjini. Nyuma ya nyumba nina kauwanja kadogo, nafuga kuku wa kienyeji, sungura kidogo na simbilisi (wale Wazungu wanawaita guinea pig). Jirani yangu ni mzee mstaafu, mtu wa heshima zake, na ana dume la mbwa linaitwa Bosi, kifua kama gunia la viazi. Kati yetu kuna uzio wa michongoma, ukiuangalia kwa juu umeshonana vizuri kabisa, ila chini kwenye mashina pana matundu ambayo hata mtoto wa miaka mitano anapita. Mi nilikuwa naangalia juu tu.

Ilikuwa mwaka juzi mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kutoka moshi mdomoni. Nimefungulia kuku saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, nikaingia ndani kuwasha jiko, mara nasikia kelele ambazo mfugaji yeyote anazijua, sio zile za kumwona kipanga, hizi nyingine. Kutoka hivi, Bosi ana tetea wangu mdomoni, manyoya yametapakaa uwanja mzima. Nikafanya ujinga, na wewe usije ukaufanya: nikamkimbilia na fagio la chelewa nikashika mguu wa kuku nikawa navuta. Aisee, alivyonigeukia na kuonyesha yale meno ndo nikakumbuka nina watoto. Bahati yangu mtoto wa nyumba ya mzee alipiga kelele kule upande wa pili, mbwa akaachia akapita zake chini ya michongoma.

Mbwa akishashika kitu mdomoni mwachie. Kama una ndoo ya maji mwagie usoni ukiwa mbali, au gonga sufuria, lakini mikono yako usiipeleke. Na kama anakujia wewe usikimbie, ukikimbia umeshamwambia kwamba wewe nawe ni kuku. Simama, mikono chini, usimkodolee macho, rudi kinyumenyume taratibu huku umeweka kitu katikati, ndoo, kiti, beseni, chochote. Akikuangusha jikunje kama mpira, ficha shingo na uso kwa mikono. Wafundishe na watoto, maana wao ndo wanakimbiaga.

Kuku wale nikahesabu hasara nikakausha. Kilichoniuma ni wiki iliyofuata. Simbilisi wangu nilikuwa nimewajengea kabanda chini kabisa, kwenye udongo, na wala mlango hakuugusa, alichimba. Nilikuwa nao kumi na nne, nikakuta watatu wamejikunyata kwenye kona. Wengine wote wamelala pale, hajala hata mmoja, kawang'ata na kuwaacha. Hapo nikajifunza kwamba sio njaa, mbwa anaona kitu kidogo kinakimbia na damu yake inamwambia fukuza, hata umlishe ugali na dagaa mpaka ashindwe kutembea. Na simbilisi anabeba mimba karibu miezi miwili, sio kama sungura wa mwezi mmoja, kwa hiyo waliokufa na mimba zao ni kazi ya muda mrefu kurudisha. Hata waliopona hawakuwa sawa. Kuku walisusa kutaga karibu wiki mbili, na sungura mmoja aliyekuwa amezaa aliwaua wanawe kwa ule mshtuko. Watu wakipiga hesabu ya hasara wanahesabu waliokufa tu, hii nyingine hawaioni.

Basi jioni ile ile nikavaa kanga nikavuka kwa mzee. Kosa la pili hilo. Mzee alikuwa katoka kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mi nimetoka kuzika wanyama, unafikiri yalikuwa mazungumzo? Hata shikamoo niliitoa kama natupa jiwe. Akanisikiliza, akasema "Mwanangu, mbwa ni mbwa", akaingia ndani. Tukakaa karibu wiki mbili hatusalimiani, na mtu ambaye msiba wangu yeye ndo angekuwa wa kwanza kuleta kiti.

Katika hizo wiki mbili ndo nikapata washauri. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia mama hiyo kazi ndogo, nipe buku tano, nyama kidogo na dawa ya shamba, asubuhi hakuna mbwa. Sitaki kujifanya mtakatifu, nililala nikiiwaza. Lakini sumu haichagui. Ile nyama anaweza kuila mbwa wa mtu mwingine, au paka wako, au kuku wako mwenyewe akaidonoa, au mtoto akaokota, halafu mtaa mzima wanajua nani alikuwa na ugomvi na mzee. Na ni kosa kisheria, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hata Kanuni ya Adhabu haimruhusu mtu kuua mnyama wa mwenzie kwa makusudi, kwa hiyo wewe uliyekuwa mdai unageuka mshtakiwa. Achana nayo kabisa.

Kilichonisaidia ni daftari la mwanangu la hesabu lililobaki kurasa. Kila siku naandika Bosi kapita saa ngapi, katokea wapi, kafanya nini. Picha za simu nazo nikapiga, za matundu, za wale simbilisi, za nyayo. Baada ya siku tisa nikalisoma lile daftari nikajiona mjinga. Mzee anamfungulia mbwa saa nne usiku alinde, kama wengi tunavyofanya, na anamfunga akirudi kanisani asubuhi, saa mbili kasoro hivi. Mi nafungulia kuku saa kumi na mbili. Kwa hiyo kila siku ya Mungu kuna karibu masaa mawili kuku wangu na mbwa wake wote wako nje, na mashambulizi yote matatu, maana alirudi tena mara moja, yalitokea hapo katikati. Mi nilikuwa nimeshaamua mbwa ni mkatili na mzee ni jeuri, kumbe kuna masaa mawili tu hayana mwenyewe.

Safari hii nikaenda kwa akili. Jumamosi asubuhi, mzee kashakunywa chai, nikamwomba balozi wetu wa nyumba kumi anisindikize na nikabeba mayai kumi na tano kwenye kapu. Shikamoo ya kupiga goti. Sikuanza na fidia, nikaanza na lile daftari, nikamwambia "Baba, naomba unisaidie, mi nimeandika hivi, we unaonaje?" Mzee alikuwa na kazi ya maofisini zamani, karatasi anaiheshimu kuliko kelele. Akavaa miwani akasoma yote, akasema "Kumbe huyu anakuja kwako ninapokuwa misani." Hapo nikajua tumepona.

Tukakubaliana hivi: mi sifungulii kuku mpaka saa mbili, na yeye akishamfunga Bosi anapiga mluzi nisikie. Banda langu pia nikalikatia dirisha la wavu ili kuku wapate mwanga asubuhi, na pumba nawawekea ndani jioni, hawana shida yoyote. Fidia aliitaja mwenyewe, akanipa matetea wawili na tukachangia mabanzi ya uzio nusu kwa nusu. Ningeanza kwa kudai laki yangu nadhani nisingepata hata yai.

Kuhusu mabanzi, sisi huku tumebarikiwa, Mafinga na Sao Hill hawako mbali, mabanzi ya kwenye mashine za mbao ni bei rahisi kuliko tofali. Ila uzio wa juu bila kufikiria chini ni kazi bure kwa mbwa mchimbaji. Wengi tunafukia wavu kwenda chini, ni vizuri, fukia hata sentimita thelathini, lakini kwenye mawe mawe ya Iringa utavunja jembe. Njia rahisi ni kulaza wavu chini kama mkeka, upande wa nje wa banda, upana kama nusu mita, ushikane na ukuta, juu yake weka mawe na udongo. Mbwa huwa anachimba pale pale ukuta unapoishia, akikwaruza anakuta waya, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie kule. Bosi alijaribu mara mbili nikaona makucha, basi.

Simbilisi nao nikawapandisha juu, kichanja cha usawa wa kiuno, sakafu ya mbao zenye nafasi ndogo mavi yadondoke. Bibi zetu waliwafuga jikoni sakafuni na kweli mbwa hakuwafikia, ila moshi jamani. Na komeo weka la kuzungusha au la kufuli, hizi za kamba mbwa anasukuma tu kwa pua.

Kuna jambo ambalo siku ile na balozi karibu nilisahau, nikakumbuka nipo mlangoni naaga, nikauliza "Baba, kadi yake ya chanjo ipo?" Kimya. Huyo ndo mbwa aliyenigeuzia meno mara ngapi. Chanjo ya kichaa cha mbwa inarudiwa kila mwaka, afisa mifugo wa kata anajua ratiba, na tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, karibu na hapo ulizia mtaani maana sehemu nyingi kunakuwa na kampeni. Bosi akachanjwa, mi mwenyewe nilimsindikiza mzee, kashika mnyororo na mi nimeshika kadi kwa mbali.

Ukiwa umeng'atwa, hata kamkwaruzo kadogo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa saa, sio za kukadiria, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala pilipili, na usingoje kwanza muelewane na mwenye mbwa nani atalipa. Ule ugonjwa dalili zikishaanza ni karibu hakuna anayepona, wakati chanjo ikiwahi inauzuia. Mbwa naye asiuawe haraka haraka, kama anaweza kufungwa salama afungwe aangaliwe siku 10, ila akianza kubadilika, anatoa mate, anang'ata hata miti, sauti imekauka, usimsogelee, mwite afisa mifugo. Na sungura au mbuzi aliyeng'atwa na mbwa usiyejua chanjo yake usimchinje ili nyama isipotee.

Najua kuna majirani ambao hata uende na trei kumi za mayai hawasikii. Hapo unapanda ngazi, balozi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, na daftari lako mkononi na picha. Nenda na majirani wengine walioliwa kuku, ukienda peke yako wataita ugomvi wenu wawili. Ukitoka pale omba yaandikwe mliyokubaliana na kila mtu asaini, maneno ya mdomo kwenye kesi za mbwa yanasahaulika mapema sana. Usimpeleke mtu polisi kabla hujamwona balozi, huku kwetu watu wanalikumbuka hilo miaka ishirini, labda kama kaumizwa mtu.

Kwangu sasa ni mwaka na nusu sijapoteza kuku kwa mbwa. Kwa kicheche ndio, hiyo ni siku nyingine. Simbilisi wamefika tisa. Jumapili iliyopita mzee alienda Mafinga kwenye harusi, akamfungia Bosi ndani mapema, akasahau kuniambia, kwa hiyo mluzi haukupigwa. Saa nne kuku bado wako bandani wanalalamika, na mi nimesimama na bakuli la pumba nachungulia kwenye mabanzi nisikie kama kuna mnyororo unaburuzwa.