Mlezi wa mzee akiugua, nani anamlipa?

*Maswali ya wasomaji. Anajibu muuguzi mstaafu, Dar es Salaam.*

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 44, naishi Tabata Kimanga. Nina kikampuni kidogo cha kupeleka walezi wa wazee majumbani. Ninao mabinti tisa na kijana mmoja, wanakwenda Tabata, Kinyerezi, Upanga, na mmoja anavuka hadi Kigamboni. Korona ilipoingia mwaka 2020 kazi ilinifia mkononi. Familia nyingine ziliniambia walezi wasije mpaka hali itulie, na malipo yakasimama siku hiyo hiyo. Nyingine zikataka mlezi alale huko huko mwezi mzima bila kutoka, kwa hela ile ile. Baadaye nikaja kujua kwamba binti mmoja alikohoa wiki nzima, anakunywa dawa kwa siri na kazini anakwenda. Wizara ilipotangaza wagonjwa wa mpox Machi 2025 nikashtuka, nikaanza kuweka akiba. Sasa imefika milioni moja na laki mbili. Ninunue nini kwanza: barakoa, vitakasa mikono, vipima joto? Na serikali inaweza kumsaidia nini mtu mdogo kama mimi?

*Msomaji, Tabata*

JIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo hela usikimbilie kuipeleka Kariakoo. Sehemu kubwa iache hapo hapo ilipo, ufungue ukurasa wake kwenye daftari, uandike juu: malipo ya anayeugua.

Nakuambia hivi kwa sababu ya yule binti aliyekohoa. Wengi wangemwita mkaidi. Mimi naona alipiga hesabu. Siku asiyokwenda kazini halipwi, kodi ya chumba inamsubiri, na huenda ana mtoto kwa bibi yake anayengoja hela ya uji. Mtu mwenye hesabu hiyo kichwani atameza Panadol joto lishuke, atavaa barakoa yako nzuri uliyomnunulia, na saa moja asubuhi atakuwa mlangoni kwa mzee. Kipima joto chako hakitamwona.

Halafu fikiria kazi yenyewe. Wakati ule tuliambiwa tukae mbali, mtu na mtu wapeane nafasi. Mzee aliyepooza upande mmoja haogeshwi kwa mbali. Mlezi anapitisha mikono chini ya makwapa, anamnyanyua, shavu la mzee linaangukia begani kwake na pumzi yao inakuwa moja. Mlango wa bafu umefungwa, dirisha nalo limefungwa mzee asipigwe na baridi. Kisha anamfuta, anambadilisha pampasi, anamkalisha kwenye mto na kumlisha uji kijiko kwa kijiko huku mzee anapaliwa na kumkoholea usoni. Ikifika saa nne asubuhi, chochote alicho nacho mmoja kimeshafika kwa mwenzake. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya mzee ni mlezi mgonjwa kubaki nyumbani, na hatabaki nyumbani kama kubaki maana yake ni kulala njaa.

Uingereza walilijifunza hili kwa vilio. Masika ya 2020 hospitali zilihitaji vitanda, wazee wakarudishwa kwenye nyumba za matunzo bila kupimwa kwanza. Aprili 2022 Mahakama Kuu yao ikasema sera ile haikuwa halali, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya mtu kuambukiza hata kabla hajaonyesha dalili. Walezi nao walikuwa wakifanya kazi nyumba mbili au tatu ili mshahara utoshe, na ugonjwa ukasafiri nao. Mei 2020 serikali yao ilitenga pauni milioni 600 kwa ajili ya kuzuia maambukizi kwenye nyumba hizo. Kati ya matumizi makuu yaliyotajwa ni kumlipa mshahara kamili mlezi aliyejitenga, na kumwezesha kila mlezi abaki nyumba moja. Nchi yenye hela zote zile ilifika hapo baada ya maelfu ya wazee kufa. Sisi tuanzie pale walipoishia.

Sasa tuje kwako. Tuseme mlezi wako analipwa elfu nane kwa siku. Siku kumi za kukaa nyumbani ni elfu themanini. Laki nane inatosha kila mmoja wa hao kumi akae nyumbani siku kumi, na hawataugua wote mwezi mmoja. Waite, waambie waziwazi: ukiugua, nipigie simu kabla hujatoka nyumbani, utalipwa. Ukishawaambia, timiza mara ya kwanza kabisa mtu akikupigia, hata kama unahisi anakudanganya. Wenzake wote watakuwa wanatazama utamfanya nini.

Jambo la pili halina gharama kubwa, ni la kupanga. Huyo anayevuka kwenda Kigamboni, kama anaishi Tabata, basi anapanda daladala mbili na pantoni kabla hajamgusa mzee. Mpe mzee wa Kigamboni mlezi anayeishi Kigamboni. Wa Kinyerezi apate wa Kinyerezi, anayeweza kwenda kwa miguu. Unakumbuka mwaka 2020 daladala zilipoambiwa level siti? Mlezi anasimama kituoni Buguruni, gari zinapita zimeshajaa watu waliokaa, anafika kwa mzee saa tatu na nusu. Mzee hajala, hajanywa dawa ya presha, amelala kwenye mkojo tangu alfajiri. Lile agizo lilikuwa la kuzuia maambukizi, lakini mlezi wa mzee hakuna aliyemfikiria. Safari hii mfikirie wewe mapema: mlezi mmoja, nyumba moja, na iwe jirani.

La tatu ni familia. Malipo yalisimama siku ile ile kwa kuwa hamkuwa mmeandikiana lolote. Andikianeni sasa hivi, watu wakiwa na afya na akili zimetulia. Iandikwe kwamba ukizuka ugonjwa na familia ikasema mlezi asije, italipa walau nusu kwa muda mtakaokubaliana, ili apatikane watakapomhitaji tena. Na iandikwe kwamba mlezi akitakiwa kulala huko, usiku una malipo yake, na siku ya kupumzika ipo pale pale. Watakaokataa wapo. Lakini mtoto anayempenda mama yake ukimweleza kwamba hiyo nusu ndiyo inayomzuia mlezi kwenda kupokea kazi ya nyumba nyingine na kurudi na ugonjwa, mara nyingi anaelewa.

Laki nne iliyobaki ndiyo ya vifaa. Ndoo zenye koki, sabuni za kipande kwa wingi, glovu, barakoa zile za hospitali za kutupa, na Jik, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Soma chupa: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji ni kwa damu, matapishi na kinyesi. Kwa vitasa vya milango na meza, kikombe kimoja kwa vikombe 34 kinatosha. Usiruhusu mtu kuichanganya na dawa nyingine ya choo, moshi wake unaua mapafu. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kabla ya kipima joto, nunua kile cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Mzee anaweza kuwa na nimonia na joto lisipande. Anachofanya ni kukataa chakula, kuanza kuchanganya majina ya watoto wake, au kuanguka mtu asiyeanguka. Wafundishe walezi wako dalili hizo kuliko kitu kingine chochote. Oksijeni ikisoma chini ya 94, wakupigie simu na mpige simu kwa daktari. Chini ya 90, mzee apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wasingoje kikao cha ukoo.

Kuhusu serikali, una milango miwili ya kugonga. Mwaka 2020 afya na wazee vilikuwa chini ya wizara moja. Tangu Januari 2022 masuala ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na magonjwa yamebaki Wizara ya Afya. Tabata iko Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, basi anza na Afisa Ustawi wa Jamii wa huko, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji. Nenda na barua, na orodha ya walezi wako na mitaa wanayohudumia. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa habari za mlipuko wenyewe, namba 199 ya Wizara ya Afya haikutozi hela.

Usiidharau hiyo orodha. Chanjo ya korona ilipozinduliwa Julai 2021, waliotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu. Binti wa miaka 24 anayemwogesha mzee Upanga hakuwamo. Kwa mfumo, huyo alikuwa dada wa kazi tu. Walezi walio kwenye makazi ya wazee ya serikali, kama ya Nunge kule Kigamboni, wana ofisi inayowajua. Hawa wa majumbani hakuna daftari linalowajua, na wazee wetu wengi wako mikononi mwao. Hili linaniuma sana, na kila ninapokutana na kiongozi nalisema. Nawe lipeleke kwa maandishi. Tafuta na wenzako wenye kazi kama yako, muandike barua moja yenye sahihi nyingi.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 23, namlea bibi aliyepooza Mbezi Beach, nalala hapo hapo. Nina mwaka na nusu kazini. Nilishikwa na homa kali, mama mwenye nyumba akanipa Panadol, akanikataza kwenda hospitali akisema nitaleta magonjwa ndani. Siku nne nilizolala amezikata kwenye mshahara. Ni haki?

*Msomaji, Mbezi Beach*

JIBU

Marahaba binti yangu, na pole sana. Si haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuhusu wewe sawasawa na karani wa benki. Aliyetimiza miezi sita kazini ana likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri asilipe kama huna cheti cha daktari. Umeona ulipobanwa? Amekuzuia kwenda kwenye cheti, kisha amekukata kwa kukosa cheti.

Anza kwa kuzungumza naye, umchagulie saa ambayo hana haraka. Mwambie: mama, mimi ndiye namlisha bibi, nikiwa na kifua kikuu au korona na sijapimwa, wa kwanza kupata ni yeye. Akiwa mtu wa kusikia, hilo litamgusa kuliko kifungu cha sheria. Akikataa, nenda CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu wa majumbani. Kuna pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko kufungua shauri ni bure. Mgogoro wa mshahara uufikishe ndani ya siku 60 tangu ulipokatwa. Wakikufukuza kazi, una siku 30 tu. Safari nyingine ukiugua nenda zahanati, omba cheti, kipige picha kwa simu kabla hujakikabidhi kwa mtu.

SWALI

Habari za kazi mama. Baba yetu ana miaka 81, yuko Mbagala kwa dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anamhudumia kila kitu. Wakati wa korona tulikuwa tunampiga nyungu kila jioni, mchaichai, mwarobaini na malimao. Ugonjwa mwingine ukija tuendelee?

*Msomaji, Kimara*

JIBU

Nzuri mwanangu. Hapana, msiendelee. Mvuke hauui kirusi kilichoingia mwilini, na sufuria linalochemka chini ya blanketi la mzee wa miaka 81 ni hatari kubwa. Ngozi yake ni nyembamba, mikono inatetemeka, na joto lile linaweza kumshusha presha akaangukia humo humo. Mchaichai mpeni kwenye kikombe, uwe vuguvugu, anywe kidogo kidogo. Akibanwa na kifua mkalisheni wima kwa mito, dirisha liwe wazi, na mpimeni oksijeni.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalikuta ndani ya barua yako. Dada yako anamhudumia baba kila kitu. Akiugua yeye, nani anaingia? Na wakati anamlea baba, nani anamlipia umeme, sabuni na nauli? Kaeni ndugu wote mpange mchango wa kila mwezi uende mkononi mwake, msiulete kwa mafungu pale tu baba anapozidiwa. Mchague na mtu wa pili, iwe ni wewe, ajifunze sasa kumgeuza baba kitandani kila baada ya saa mbili, kumlisha akiwa amekaa, na kuzijua dawa zake kwa majina na saa. Nenda Mbagala mwisho wa wiki ukiwa huna kikohozi wala mafua, umwambie dada yako aende akapumzike hadi Jumapili jioni, na kazi yote uifanye wewe.