Plagi za gari: zibadilishwe lini?

SWALI: Habari fundi. Niko Mamboleo hapa Kisumu na niko na Probox ya petroli, injini ya 1500, imefika kilomita 148,000. Makanika wangu kila servis ya kilomita 5,000 ananibadilishia plagi, mwaka huu ni mara ya tatu, na bado nikipanda kwenda Kiboswa na mzigo gari inamisi, inatetemeka hadi naisikia kwa usukani. Kwani plagi zinafaa kukaa kilomita ngapi? Ama niweke za iridiamu?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, pesa imeenda na gari bado inakohoa. Plagi haiishi kwa kilomita 5,000, ata ile ya kawaida ya nikeli. Hiyo inaenda kama 20,000 mpaka 40,000, ya iridiamu inaweza fika 100,000, alafu kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Kinachoisha ni ncha, kila cheche inakula chuma kidogo kidogo, mwanya kati ya ncha, pale cheche inaruka, unapanuka, na shida inaonekana mlimani kwanza juu ukikanyaga mafuta na mzigo uko nyuma, presha ndani ya silinda inapanda na cheche inapata kazi kuruka. Sasa zako ni mpya na bado zinashindwa, so hapo shida haiko kwa plagi.

Zikitolewa tena usikubali zitupwe. Mwambie azipange juu ya kitambaa vile zilikuwa, ya kwanza hadi ya nne, uziangalie wewe mwenyewe. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu iko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanaingia mengi ama cheche ni dhaifu. Ikiwa ncha imelowa oili, hiyo inatoka ndani, pistoni ringi ama sili za valvu, na ni kazi kubwa. Lakini kama ncha ni kavu na oili iko huku juu, kwa kauri na ndani ya shimo la plagi, basi ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na sili za hayo mashimo. Kuna Fielder niliifungua, shimo la silinda ya tatu lilikuwa na oili hadi mpira wa koili, ile inakaa juu ya plagi kuipa umeme, kila plagi na yake, umevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa, na mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi seti mbili. Tulibadilisha gasketi na hiyo koili moja, plagi tukarudisha zile zile.

Koili pia unaweza kuijua bila kununua kitu. Hamisha ya silinda ya pili uweke ya tatu, na ya tatu uweke ya pili, uiendeshe. Kumisi kukihama pamoja na koili, umempata mwizi.

Iridiamu ni nzuri, inakaa, lakini haitibu koili mbovu wala oili kuvuja. Na ukinunua plagi yoyote soma namba, kwa NGK na Denso ikiisha na 11 inamaanisha mwanya wa milimita 1.1, usichukue ya gari ingine juu tu inaingia. Badilisha zote nne pamoja, injini ikiwa imepoa, anza kufunga na mkono, ikikalia washa yake mpya, ile pete ya chuma, ongeza nusu raundi hivi basi, silinda hedi ni ya aluminiamu na uzi ukiharibika hapo utalia.

SWALI: Mimi niko Kapsokwony, pikapu yangu ya dizeli asubuhi na hii baridi ya mlima inakataa kuwaka, naambiwa ni plagi.

JIBU: Dizeli haina plagi za cheche, iko na hita plagi za kupasha moto. Mwambie fundi azipime moja moja na mita, iliyoungua umeme haupiti. Na asubuhi ngoja ile taa ya manjano yenye alama ya koili izime kwanza ndio upige stata.