Tulipiga zilipendwa, wachezaji wakarudi vitini

SWALI: Sisi ni marafiki wa Dar es Salaam tunaopiga kopi za zilipendwa, hasa za Mbaraka Mwinshehe, baada ya saa za kazi. Katika harusi tuliyotumbuiza karibuni, kila wimbo uliisha watu wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kucheza, na mwishowe hawakuinuka tena, ingawa tulizifuata santuri noti kwa noti. Tulikosea wapi?

JIBU: Nadhani kosa ni huko kuzifuata mno. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo studioni wimbo ulifupishwa au kukatwa vipande viwili, ilhali ukumbini bendi zilirefusha chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka kwa ajili ya kucheza, kadiri wachezaji walivyotaka. Ninyi mliwapa wageni chemko la studioni, likaisha kabla miguu haijachanganya.

Katika rekodi mliyoniambatanishia, gitaa la solo limelifunika lile la rithimu, nalo ndilo linalopaswa kusikika likirudiarudia kipande chake bila kuchoka. (Mwimbaji wenu, kwa kweli, hana deni.) Punguzeni sauti ya solo, chemko likianza, iacheni rithimu izunguke na besi na ngoma peke yao kwa muda, kisha solo iingie, huku kiongozi akitazama sakafu badala ya nyuzi zake, na mkubaliane mapema ishara atakayoitoa ya kufunga wimbo.