Maswali na majibu: Malaria kati ya dodoso, picha ya ubongo na kompyuta

Makala yangu iliyopita kuhusu takwimu za malaria imeleta maswali mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua yanayohusu njia tatu ambazo watafiti wa tiba huzitegemea sana siku hizi, yaani utafiti wa kaya, picha za ndani ya mwili na modeli za kompyuta.

Mwaka 2022 wadadisi walifika mtaani kwetu wakatupita sisi tuliokuwepo, wakarudi siku ya pili kumfuata jirani ambaye hawakumkuta. Kaya chache namna hiyo zinawezaje kuisemea nchi nzima? (Msomaji, Tabora)

Huo ulikuwa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa Tanzania, na kilichokukera ndicho kinachoupa utafiti huo thamani yake. Kwanza yalichaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 629 ya kuhesabia watu, Bara na Zanzibar. Katika kila eneo ziliorodheshwa kaya zote, kisha zikachaguliwa 26 kwa kuruka hatua zilizo sawa, kwa mfano kaya moja katika kila tano iwapo orodha ina kaya 130. Mdadisi haruhusiwi kuibadilisha kaya iliyochaguliwa kwa sababu tu mlango umefungwa na wa pili uko wazi. Wasiopatikana mchana mara nyingi ni wale walio shambani, sokoni au kazini, na ukiwaacha hao ukawachukua wanaoshinda nyumbani, utakuwa umepima nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo mdadisi hurudi, na akiwakosa tena, kaya hiyo huandikwa kuwa haikupatikana.

Kuhusu uchache, usahihi wa sampuli hutegemea zaidi idadi ya waliopimwa, namna walivyochaguliwa na jinsi wanavyofanana ndani ya eneo moja, kuliko ukubwa wa taifa. Zanzibar hupewa kaya nyingi kuliko uwiano wa watu wake ili takwimu zake zisimame zenyewe, kisha katika wastani wa taifa kila kaya ya huko hupunguziwa uzito.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria kwa takriban asilimia 14 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 katika utafiti wa 2015 na 2016, asilimia 7 mwaka 2017, na asilimia 8 mwaka 2022. Mimi nisingekubali kichwa cha habari kisemacho kwamba malaria ilipanda kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho. Tofauti ya asilimia moja inaweza kumezwa na kosa la kawaida la sampuli, na isitoshe, utafiti wa 2017 ulifanyika Oktoba hadi Desemba, ilhali ule wa 2022 ulianza Februari ukaishia Julai, ukipitia masika na wiki zinazofuata, ambazo mbu huzipenda.

Mtoto akichomwa kidole katika tafiti hizo, mzazi anaambiwa majibu? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Ndiyo, mama. Damu haichukuliwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na kipimo cha haraka husomwa papo hapo, ndani ya dakika 15 hadi 20. Una haki ya kuuliza majibu hayo na hatua inayofuata, na una haki pia ya kukataa.

Nimefanya kazi wodi ya watoto kwa muda mrefu. Tone la damu linatuonyesha malaria. Kwa nini watafiti wanatumia fedha nyingi kuwapiga watoto picha za MRI, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku? (Muuguzi, Lindi)

Dada muuguzi, tone la damu linakuambia kwamba vimelea vimo, lakini halikuambii kwamba ndivyo vilivyomzimisha mtoto aliyelala mbele yako. Katika mikoa yenye maambukizi mengi, mtoto anaweza kuwa na vimelea huku akicheza uwanjani, na anaweza kuletwa kwako hajitambui kwa homa ya uti wa mgongo huku kipimo cha malaria kikisoma chanya.

Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI mwaka 2008. Watafiti wa hapo walianza kwa kukagua ndani ya jicho, kwa sababu malaria ya ubongo huacha alama maalumu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na watoto wenye alama hizo ndio waliochambuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, walifariki 25, na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo katika picha ya siku ya kulazwa. Kati ya 143 waliopona, wenye uvimbe wa kiwango hicho walikuwa 39.

Zisome namba hizo kwa upande wa pili pia. Watoto wenye uvimbe mkubwa walikuwa 60 kwa jumla, na 39 kati yao walipona. Picha zao za siku zilizofuata zilionyesha ubongo ukinywea. Maana yake ni kwamba uvimbe si hukumu ya kifo. Ubongo uliovimba hukandamiza shina la ubongo linaloongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua. Ikiwa uvimbe wenyewe hupungua ndani ya siku chache, ni halali kuuliza kama mashine ya kupumulia ingemvusha kipindi hicho. Swali hilo lisingeulizwa kwa uzito huo bila picha. Hakuna anayependekeza kila kituo cha afya kiwe na MRI. Kazi yake hapa ni ya utafiti.

Kompyuta inajuaje malaria itaendaje, wakati haijawahi kuumwa na mbu? (Mwanafunzi, Mombasa)

Haijui, inapiga hesabu. Hesabu yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 kwamba vimelea hukua ndani ya mbu, aliandika baadaye milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote ili malaria ikome. Inatosha kuwashusha chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaonyesha kwamba umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake.

Chukua kalamu ujaribu. Vimelea huhitaji takriban siku 10 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Ikiwa kila siku mbu 90 katika 100 huiona kesho, basi baada ya siku 10 watakuwa wamebaki kama 35. Vyandarua vyenye dawa vikishusha kiwango hicho hadi 80 katika 100, watabaki 11 tu. Umepunguza uhai wa siku moja kidogo, na mbu wazee wenye hatari wamepungua hadi chini ya theluthi.

Modeli za leo huongeza mvua, joto, kinga ya mtu, usugu wa mbu kwa dawa na mengine mengi. Lakini modeli haitambui kwamba chandarua kimegeuzwa uzio wa kitalu cha mchicha mpaka mdadisi aketi na mama mwenye nyumba amwulize ni nani waliolala ndani yake usiku wa jana. Swali hilo limo kwenye dodoso, na majibu yake ndiyo yanayoingizwa kwenye hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023. Kijijini kwetu watu huzikwa bila cheti. Nani aliwahesabu? (Msomaji, Bukavu)

Hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Hiyo ni namba ya makadirio. Kwa nchi nyingi za Afrika, vifo vya watoto hugawanywa kwa sababu zake kwa kutumia modeli inayolishwa na mahojiano ambamo jamaa wa marehemu huelezea dalili alizokuwa nazo. Udhaifu wake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kuuguza: homa, kupumua haraka na degedege vinaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya damu. Ndiyo maana sehemu kama Kilifi, ambako tangu mwaka 2000 watafiti hupita nyumba kwa nyumba wakifuatilia zaidi ya watu robo milioni na kuoanisha kumbukumbu zao na za hospitali, zina uzito mkubwa kuliko ukubwa wake kwenye ramani.

Kabla ya chanjo ya malaria kuanza kutolewa, modeli zilitabiri nini, na je, zilipatia? (Msomaji, Kisumu)

Makundi manne ya watafiti yalilinganisha modeli zao kuhusu chanjo ya RTS,S. Kwa watoto 100,000 waliokamilisha dozi nne, namba ya katikati iliyotokea ilikuwa mara 116,480 za kuugua kuepukwa (mtoto mmoja huweza kuugua zaidi ya mara moja), lakini kwa kadiri iliyoanzia 31,450 hadi 160,410, na vifo 484 kuepukwa, kuanzia 189 hadi 859. Magazeti hupenda namba ya katikati. Mimi nakushauri utazame zile za pembeni, kwani zinatofautiana hivyo kwa sababu maambukizi hayalingani mahali na mahali.

Baadaye, majaribio ya utoaji yaliyoanza mwaka 2019 nchini Kenya, Ghana na Malawi yalionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, mbali na vile vya ajali, vikipungua kwa asilimia 13. Huwezi kuziweka namba hizo mbili kwenye mizani moja, kwa sababu modeli ilihesabu watoto waliomaliza dozi zote, ilhali majaribio yalipima jamii nzima, pamoja na wale ambao hawakurudi kliniki.